Kibao cha Rodaje

Haipiti juma bila kijana mmoja kunijia barazani na swali lile lile.

"Papa Feruzi, ninunue mupya ya bei rahisi, ao ile ya zamani yenye watu walishatumia?"

Siku hizi wanauliza kuhusu pikipiki. Enzi za Zaire waliuliza kuhusu magari. Chombo kimebadilika, swali liko palepale. Nami huwa sijibu. Namwambia aketi, anywe chai, kisha namuuliza: utapita nayo wapi? Wengi wanakasirika. Wanataka fundi mkongwe aseme nunua hii, acha ile, wajiondokee. Mmoja aliniambia nimezeeka vibaya, na huenda ni kweli. Lakini swali hilo niliwahi kulijibu harakaharaka mara moja katika maisha yangu, na aliyebeba matokeo yake hakuwa mimi.

Ninyi mliokulia hapa Kindu mmekula mkate wa Mama Rangi. Duka lipo hadi leo, binti zake ndio wanaoliendesha, na ukuta wake ni mwekundu. Mnadhani jina limetokana na ukuta. Sivyo, ukuta ulipakwa baadaye kwa sababu ya jina, na jina lenyewe lilitokana na kosa langu mimi. Nimelikalia jambo hili miaka mingi, sasa nalitoa.

Nilianza kazi katika garaji ya Mzee Sumaili, si mbali na stesheni, wakati tulipokuwa tunaitana sitwayeni, yaani raia, na wanaume wote wa maana wanavaa abakosti, lile koti la Mobutu lisilo na tai. Mzee Sumaili alikuwa nayo moja, ya kijivu, aliyoivaa siku za bendera tu, na hata hiyo ilikuwa na doa la grisi mfukoni kwa sababu hakuweza kwenda popote bila sumaku yake. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ndogo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Kalima, akitengeneza malori ya mgodini, na huko alijifunza kutoamini kitu chochote kinachong'aa.

Sumaku ilikuwa na kazi yake. Mtu akileta gari la kununua, Mzee aliipitisha polepole juu ya milango na madigadi. Inaponata, chini kuna chuma. Inapoanguka, chini kuna mastiki ya kuzibia mabonde na rangi, na kama kuna mastiki, basi gari lilipigwa mahali. Baada ya sumaku alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha moja kwenye injini inayonguruma na mpini wake sikioni, akafumba macho. Nilipoanza niliona aibu kufanya hivyo mbele ya watu, nikafikiri watasema nazungumza na bisibisi. Siku moja nikajaribu kwa siri, nikasikia vali moja inagongagonga ndani kabisa, kwa uwazi kuliko nilivyowahi kumsikia padri kwenye kipaza sauti. Tangu siku hiyo sikuona aibu tena.

Alinifundisha pia kutazama mpira wa pedali. Saa ya kilometa mtu anaweza kuirudisha nyuma jinsi anavyotaka, lakini nani anakumbuka kubadili mpira wa breki? Gari lenye kilometa chache na pedali iliyolika hadi chuma, muage mwenyewe kwa heshima, uende zako. Na maswali muulize dereva, usimuulize mwenye gari. Mwenye gari anajua bei, dereva ndiye anayejua limelala porini mara ngapi.

Lakini kipimo kikubwa cha Mzee Sumaili kilikuwa kivuko. Sisi tunakiita baki. Mnajua wenyewe, ukitaka kutoka mjini kwenda Kalima lazima uvuke Lualaba hadi Alunguli, na kabla ya kupanda baki unateremka ukingo, halafu magurudumu yanapanda ulimi wa chuma wa kile chombo. Maji yakipungua ukingo unakuwa mkali, na hapo gari linakunjika katikati: pua chini, tumbo chini, mkia juu. Mzee alikataa kutoa neno juu ya gari lolote kabla hajaliteremsha pale. "Ku avenye ya mjini kila mutuka iko muzuri," alisema. "Mutuka inajulikana ku baki."

Sasa, kabla sijafika kwenye kosa lenyewe, lazima niwaeleze neno moja ambalo ninyi hamkulikuta. Neno hilo ni rodaje.

Injini ikitoka kiwandani, vyuma vyake vilikuwa bado havijazoeana. Kwa hiyo majuma ya kwanza uliliendesha gari taratibu, bila mbio na bila mzigo mzito, halafu unamwaga mafuta ya mwanzo na kuweka mengine. Muda huo ndio rodaje. Na ili madereva wengine wasikupigie honi kwa kujikokota, uliweka kibao kwenye kioo cha nyuma: EN RODAGE. Ukimaliza, unakitoa. Ulaya nadhani walikitoa. Kindu hakuna aliyekitoa. Kibao kile kilikuwa kinasema kitu kimoja tu kwa kila aliyekiona: huyu amenunua mpya.

Kulikuwa na mkubwa mmoja wa zoni, kama wilaya ya leo, aliyekaa na kibao chake miaka mitatu. Gari limeanza kukohoa, mlango mmoja umefungwa kwa waya, taa moja haipo, nyuma bado rodaje. Kibao kilimfaa pia kwa njia nyingine. Ukimkuta njiani na mgonjwa wako ukimwomba lifti, alitoa kichwa dirishani kwa huruma kubwa: "Ningekupakiza, sitwayeni. Sasa mutuka iko mu rodaje." Tulicheka sana garajini. Tulicheka hadi neno hilo hilo liliponishika mimi.

Mzee Sumaili alikuwa amesafiri. Kaka yake alifariki Kasongo, akaenda kumzika na kukaa matanga, akaniachia funguo. Nilikuwa nafanya kazi naye mwaka wa tatu, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kidogo. Jumamosi ile, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, alikuja mama mmoja na jembe lake bado begani. Alikuwa Mama Zaituni, mjane wa mtaa wa Mikelenge, aliyekuwa akioka mikate kwenye tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake.

"Sumaili iko?"

"Hayuko, mama. Alienda matanga Kasongo. Kuko mie tu."

Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akashusha jembe.

Akanieleza. Kantini ya wachimbaji kule Kalima ilikuwa tayari kuchukua mikate yake mara tatu kwa juma. Hadi wakati huo alikuwa anaituma kwa malori ya watu, na madereva waliikalia, kihalisi, waliikalia kama mito, ikafika bapa. Msimamizi wa kantini akamwambia: kuanzia Jumatatu ya juma lijalo, ulete mwenyewe na ifike nzima, vinginevyo nachukua kwa mwingine. Kazi hiyo ndiyo ingewaweka binti zake shuleni. Ili apate gari aliuza baiskeli ya marehemu mumewe, cherehani yake na kile kiwanja walichokuwa wamekusudia kujenga. Uwezo wake ulikuwa wa gari moja. Si gari na nusu.

Magari yalikuwa mawili. La kwanza kamionete, yaani pikapu, kuukuu ya Mzee Kalonda, mpimaji ardhi wa Kalima aliyekuwa karibu kustaafu na kuhamia nyumba yake mpya hapa mjini, mtaa wa Kasuku. Watu waliiita Shangazi, kwa sababu ililalamika kwenye kila shimo, lakini haikukataa kwenda. La pili kamionete ndogo nyekundu, mpya kabisa, iliyoshushwa kwenye treni juma lile. Bei zao zilikaribiana. Ile mpya ilikuwa rahisi kwa sababu ilikuwa nyepesi, na ile kuukuu ilikuwa ghali kidogo kwa sababu kila mtu aliijua.

"Weye njo utaniambia," akasema Mama Zaituni. "Nichukue gani?"

Tukaanza na Shangazi. Nilifanya yote kama nilivyofundishwa, na nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu mtaona nilichofanya baadaye. Sumaku yangu ikaanguka kwenye mlango wa kulia. Mpira wa pedali ulikuwa umelika. Gari liliinamia kushoto, upande aliozoea kukaa Mzee Kalonda, aliyekuwa na mwili. Chini kulikuwa na tope la kila wilaya ya Maniema. Nikaweka bisibisi sikioni: injini ilikuwa inaenda sawasawa, haina haraka. Mzee Kalonda mwenyewe hakuficha kitu. Alisimama pembeni akinihesabia. "Radiateri nilishona mara mbili. Ile mulango, nilipiga muti wa mwembe kule Kailo. Springi njo mupya, na zile za zamani niko nazo bado."

Mkinisikiliza vizuri mtaona kwamba hapo nilikuwa nimeshapata jibu. Gari kuukuu lenye mwenyewe mkweli limekwisha kukusimulia magonjwa yake yote. Unajua utakachonunua, unajua na utakachotengeneza mwezi ujao. Gari jipya halina la kukusimulia, ni wewe unayekwenda kuyagundua. Haya nayajua leo. Siku ile nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na tukaenda kuona ile nyekundu.

Ilikuwa imesimama uani kwa mfanyabiashara mmoja, mtu mpole, zamani mwalimu, aliyepata duka lile wakati maduka ya wageni yalipogawiwa wenyeji. Yeye hakumdanganya mtu. Kuhusu magari alijua kwamba yana viti. Akafungua mlango, na harufu ikanijia.

Sijui niwaelezeje. Miaka mitatu nilikuwa nimenusa grisi, jasho, petroli, samaki waliomwagika, kuku waliokufa chini ya viti. Hiyo ilikuwa harufu ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekigusa. Viti vilikuwa bado na nailoni. Nikavua viatu. Naapa, nilivua viatu vyangu, nikaviweka chini vizuri vikiwa pamoja, kisha nikaingia na miguu mitupu na kukaa nyuma ya usukani. Sikutoa sumaku mfukoni, ya nini? Bisibisi niliiacha juu ya ukuta, nisije nikachubua kitu.

Akili ikanirudia kidogo. Nikamwambia yule bwana kwamba desturi yetu ni kuliteremsha gari hadi kivukoni. Akashtuka kwa kweli.

"Ku baki? Apana, sitwayeni! Munataka kuiua? Haujaona kibao? Iko mu rodaje!"

Na mimi niliyecheka na kibao cha mkubwa wa zoni hadi machozi, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Kweli, nikasema. Iko mu rodaje. Haifai kupimwa.

Hilo ndilo kosa, vijana. Kununua kipya si kosa, wala kununua cha bei rahisi. Kosa ni kwamba nilikubali neno moja linizuie kufanya kazi yangu, kwa sababu nilikuwa natafuta neno la kunizuia.

Njiani kurudi, Mama Zaituni aliniuliza mara moja tu. "Sasa?"

"Mama, chukua ile nyekundu. Mupya ni mupya."

Akatembea kidogo, akahamisha jembe bega la pili. "Basi," akasema. "Njo hiyo."

Jumatatu ile ilikuwa kiangazi, maji yamepungua. Mama alikuwa ameoka tangu alfajiri, mikate imepangwa kwenye trei za mbao, moto bado, na gari lote limejaa harufu yake. Nilikuwa naendesha mimi, kwa sababu yeye alikuwa bado hajapata dereva na kwa sababu nilitaka kuonekana. Barabarani watoto walikimbia nyuma yetu. Kibao kilikuwa mahali pake kiooni. Tukafika ukingoni, watu wamejaa, baki inasubiri. Nikaingiza gia ya kwanza, nikateremka taratibu kabisa, kwa heshima ya rodaje.

Pua ilikwenda chini. Mzigo ukasogea mbele. Na pale magurudumu ya mbele yalipogusa ulimi wa chuma, tumbo likaketi juu ya ukingo wake. Nilisikia sauti ambayo bado naisikia nikifikiria. Nikazima, nikashuka, nikainama. Karteri, lile bakuli la chini linalobeba mafuta ya injini, lilikuwa limepasuka, na mafuta mapya, masafi, rangi ya asali, yalikuwa yanateremka kwenye mchanga kuelekea mtoni.

Watu wa kivukoni mnawajua. Hakuna kinachowafurahisha kama gari lililokwama, kwa sababu hawana la kufanya ila kulitazama. Nahodha wa baki akashuka, mikono kiunoni, akazunguka ile nyekundu mara mbili.

"Mutuka ya tumbo chini hivi ku njia ya Kalima? Mama, nani alikuchagulia hii kitu?"

Wote wakasogea kusikiliza. Kindu nzima ilijua kwamba magari ya Kindu yanachaguliwa garajini kwa Mzee Sumaili. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga, mikono imejaa mafuta. Nilifungua mdomo. Nilijua nisemapo jina langu nasema na jina lake, na Mzee yuko Kasongo anamzika kaka yake, atarudi akute garaji haina mtu anayeiamini. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu nyingine ni kwamba niliogopa. Nikainama tena chini ya gari, nikajifanya natafuta ufa.

Mama Zaituni akajifunga kitenge chake vizuri.

"Mie mwenyewe," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Nilipenda rangi."

Kicheko kilianza kwa nahodha, kikapanda ukingo, kikaenda hadi kwa wale wa mitumbwi. Alipenda rangi! Mama wa watu ameuza kiwanja kwa sababu ya rangi! Wengine walipiga makofi. Aliyekuwa wa kwanza kusema Mama Rangi simjui, lakini baki ilipogusa Alunguli jina lilikuwa limeshavuka mbele yake.

Alivuka, ndiyo. Kwa bahati ambayo siistahili, Shangazi alikuwa nyuma yetu kwenye msururu. Mzee Kalonda alikuwa anarudi Kalima kuchukua vitu vyake vya mwisho, gari tupu. Alishuka, akatazama trei, akatazama mafuta kwenye mchanga. "Hamisheni mikate," akasema. Wale wale waliokuwa wanacheka ndio waliobeba, wakipokezana trei mkono kwa mkono, kwa uangalifu, hakuna mkate hata mmoja ulioanguka. Watu wetu ndivyo walivyo, watakucheka wakikusaidia. Ile nyekundu wakaisukuma pembeni. Shangazi akateremka ukingoni akilalamika, akapanda ulimi wa baki, akaingia. Mama alikaa mbele. Hakugeuka kunitazama.

Mikate ilifika Kalima siku hiyo hiyo, mizima. Mimi sikujua. Mimi nilikuwa nimeshaenda stesheni na nguo zangu ndani ya mfuko, nikiuliza treni ya Kongolo, nitoroke mji. Treni haikuwepo. Mnajua treni zetu za wakati ule, zilikuja zilipojisikia. Nilikaa pale siku nzima juu ya benchi. Watu wengi wamelalamikia kuchelewa kwa treni zile, lakini mimi nashukuru kila nikikumbuka. Ingefika kwa saa yake, leo ningekuwa nauza chumvi Kongolo.

Jioni nikarudi garajini, na kesho yake ile nyekundu ikakokotwa hadi uani kwetu. Siku ya tatu Mzee Sumaili akarudi. Alinikuta chini ya ile nyekundu. Akainama kunitazama.

"Ulienda nayo ku baki mbele ya kununua?"

"Apana, Muzee."

"Juu ya nini?"

"Ilikuwa mu rodaje."

Nilisubiri radi. Mzee Sumaili aliketi juu ya tairi na kuanza kucheka, kile kicheko chake chembamba, hadi akatoa leso kufuta macho. Mtu katoka matangani. Halafu akavua shati la safari, akavaa la kazi, akajilaza kwenye mchanga kando yangu. Hakuniambia neno lingine juu ya jambo lile, siku ile wala baadaye. Ninyi mnaofundisha wengine sasa, likumbukeni hilo. Alijua kwamba nilikuwa nimeshajigombeza vya kutosha.

Tulichomelea karteri. Chini yake tukafunga bamba la chuma zito kutoka lori lililokufa. Mzee Kalonda alipokuja kuuliza hali ya mgonjwa, alikuja na mkewe, na huyo mama akafanya kile nilichofanya mimi. Alifungua mlango, akavuta pumzi.

"Kalonda," akasema, "sisi tutakaa Kasuku. Tutavuka baki kufanya nini tena?"

Hivyo ndivyo ilivyomalizika. Walibadilishana na Mama Zaituni, gari kwa gari, mbele yetu, wakashikana mikono. Ile nyekundu ilibaki mjini kwenye barabara laini, sokoni na msikitini, na iliishi miaka mingi na raha zake. Shangazi alikwenda Kalima mara tatu kwa juma, akilalamika. Kila Ijumaa baada ya sala nilimtengeneza Shangazi mimi mwenyewe, na Mama Zaituni alinilipa kama mteja yeyote, nikikataa anaweka pesa juu ya tairi na kuondoka. Binti zake walisoma. Mmoja ni muuguzi hadi leo.

Mnaona basi kwa nini nauliza utapita wapi? Gari moja lilikuwa jipya, moja kuukuu, na yote mawili yalikuwa mazuri.

Lakini jina lilibaki. Sokoni, kanisani, msikitini, kwenye salongo, Mama Rangi. Waliokuja mjini baadaye walimheshimu bila kujua, waliokuwepo walitabasamu kidogo wakilitamka. Kila mtu aliyetaka kusema wanawake hawajui kuchagua gari alimtaja yeye. Mara mbili nilimwendea nikamwambia nitasema ukweli hadharani. Mara zote mbili alinifukuza na fimbo ya tanuri. "Ukisema, unaharibu jina ya Sumaili. Siku mie sitakuwako, sema vile unataka."

Mzee Sumaili aliponiachia garaji, macho yake yakiwa yamechoka na Zaire bado ikiitwa Zaire, alialika watu wachache tule pamoja uani. Mama Zaituni alileta mikate, na kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti. Nikafungua. Kilikuwa kibao: EN RODAGE. Alikuwa amekitoa kwenye kioo kabla ya kuikabidhi ile nyekundu kwa Kalonda, akakitunza miaka yote hiyo.

Nilishindwa kujizuia. "Mama, kweli ulifikiri mie najua kuchagua?"

"Nilikuona ulitoa viatu," akasema. "Muntu hatoi viatu juu ya mutuka. Nilijua palepale, huyu mutoto amependa."

"Sasa juu ya nini ulinunua?"

Akafikiri, akatazama mikono yake. "Nilikuwa nimekuuliza. Nikikuuliza na nisikufuate, nani atakuuliza tena?" Halafu akacheka, akanipiga begani. "Na rangi pia, kusema kweli, nilipenda. Lakini kile kibao walikosea pa kukiweka. Siyo mutuka ilikuwa mu rodaje, Feruzi. Ni weye."

Niliondoka mezani nikaenda nyuma ya garaji, nikalia. Sioni aibu kuwaambia.

Mama Zaituni ametangulia mbele ya haki, na Mzee Sumaili pia. Kibao kiko hapa ukutani juu ya kiti changu, mkija mtakiona. Nawashukuru wote wawili kila asubuhi, na leo nalipa kwa njia pekee niliyobakiwa nayo. Mkinunua mkate kwenye lile duka jekundu, na mkimsikia mtu akisema kwa tabasamu kwamba mama yule aliuza kiwanja kwa sababu ya rangi, mwambieni alikosea jina. Aliyechagua ni mimi, Feruzi, fundi. Nilipenda harufu.